Mtoto akisema mgongo unamuuma, tusilaumu mfuko peke yake

Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata hadi mlangoni pa darasa, mkononi ameshika mfuko wa shule wa binti yake. "Madamu, mnambebesha mtoto wangu mawe? Kila jioni analia mgongo."

Tulimwaga vyote juu ya meza: makaye ya masomo yote, kamusi ya Kifaransa, chupa ya maji. Tukaazima mizani ya muuza karanga. Kilo 4 na nusu! Binti mwenyewe ana kilo 32. Wataalamu wengi wanashauri mfuko usipite sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. India iliuweka mpaka huo katika mwongozo wa serikali mwaka 2020. Kwa binti huyu ni kama kilo 3. Tena siku hiyo alihitaji makaye matano tu.

Kisha nikamuuliza binti: "Na nyumbani unabeba nini?" Akamtazama mama yake kwanza. Asubuhi, bidoni ya litri 20 kutoka chemchemi, mara mbili. Mchana, mdogo wake mgongoni kwa kikwembe. Litri 20 za maji ni kilo 20. Mama akanyamaza.

Simlaumu. Anaondoka alfajiri kwenda soko, na bomba la mtaa wao halitoi maji. Hapa Bunia wengi wetu tunaishi hivyo, na zaidi familia zilizokimbia Djugu na Irumu. Lakini tuhesabu mizigo yote ya mtoto. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 69 juu ya mifuko ya shule na maumivu ya mgongo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mfuko peke yake ndio unaoleta maumivu hayo. Si kwamba mtoto anadanganya. Ni kwamba tukitazama mfuko tu, tunaweza kukosa sababu yenyewe.

Haya tunaweza kuyafanya bila pesa nyingi:

- Usiku, mtoto apange mfuko kwa kufuata ratiba ya kesho. Makaye mengine yabaki nyumbani.
- Avae mikanda yote miwili, na aikaze ili mfuko usining'inie matakoni. Kitabu kizito kikae karibu na mgongo.
- Maji yachotwe kwa bidoni ya litri 5 au 10, kwa zamu. Wavulana nao wachote.
- Tumwache acheze na kukimbia. Mgongo unapata nguvu kwa kutembea na kucheza, si kwa kulala siku nzima.

Sasa jambo ambalo naomba tusilisahau. Yapo maumivu yasiyotoka kwenye mfuko wala bidoni. Maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini, yanayoendelea wiki nyingi, yenye homa au kukonda, mgongo unaotoa nundu, miguu inayolegea, mkojo unaomtoka bila kujua: hayo si ya kukanda wala kuchanja. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo hata kama mtoto hakohoi. Dawa zake hutolewa bure katika nchi yetu, na zikianza mapema zinaweza kumwokoa asipooze miguu.

Ndiyo maana nilimuuliza yule mama: maumivu yanamwamsha binti usiku? Ana homa? Amekonda? Yote hapana. Tulikubaliana wajaribu wiki moja kupunguza mizigo, na yakiendelea waende kituo cha afya. Jana mama alipita shuleni. Kaka mtu sasa anachota maji, ijapokuwa kwa kununa, na mfuko umeshuka hadi kilo 2 na nusu. Binti bado anachoka jioni, lakini halii tena.

Mama, leo jioni inua mfuko wa mwanao kwa mkono wako. Halafu muulize wapi panauma, na umwache amalize kusema.