Anayemtunza Mama Kidodi Naye Ana Mshahara Wake

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mijini tunalikwepa. Ni malipo ya mtu anayewatunza wazee wetu nyumbani.

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, ukifika Mikumi unaiacha barabara kuu na kushika ile ya kusini kuelekea Kidodi, Ruaha na Kidatu. Huko ndiko kwenye miwa. Watoto wengi wa Kidodi walisomeshwa kwa fedha za miwa, kisha wakaondoka kwenda Morogoro mjini, Dar es Salaam na kwingineko. Wazazi wamebaki. Sasa mama ana miaka 80, haoni vizuri, na hawezi kwenda kisimani wala chooni peke yake. Nani yuko naye?

Jibu la kawaida ni hili: "Yupo binti wa shangazi." Binti huyo anapika, anafua, anamwogesha bibi na kuamka naye usiku. Hana mshahara. Huletewa khanga sikukuu, basi. Tunaita huo ni undugu. Lakini msimu wa miwa ukianza na kazi za vibarua zikapatikana, binti anaondoka, nasi tunamlaumu kuwa hana shukrani. Kwa kweli binti amekwenda panapolipa.

Wako wanaouliza: je, Serikali haiwezi kubeba mzigo huu? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele katika kuwatunza wazee. Yapo makazi ya wazee, kama Fungafunga mjini Morogoro, lakini hayo ni kwa wasio na ndugu wala uwezo. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, na baadaye kiwango kikapandishwa. Huku Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee. Kwa hiyo mzigo ni wetu, na tuupigie hesabu.

Kwanza, tumtambue mtunzaji kuwa ni mfanyakazi, hata akiwa ndugu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Viwango hivi hubadilishwa kila baada ya muda, hivyo ulizia kwa afisa kazi kabla ya kupatana. Kumbuka kuwa hicho ni kima cha chini. Kumwinua mtu mzima kitandani ni kazi nzito kuliko kufagia uwanja.

Pili, saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki, siku ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo usiku na mchana, siku saba. Lazima awepo wa kumpokea, hata kama ni jirani anayelipwa kwa siku.

Tatu, fedha zitoke wapi? Tuseme mpo ndugu wanne. Mshahara ni 80,000. Mchango wa mwajiri katika NSSF, asilimia 10, ni 8,000. Chakula cha watu wawili, mkaa na sabuni 92,000. Nauli ya hospitali na akiba ya dharura 20,000. Jumla ni 200,000, yaani 50,000 kwa kila mmoja. Asiye na kitu achangie kwa zamu ya kwenda kukaa na mama likizo ya mtunzaji inapofika. Hiyo nayo ni fedha.

Mshahara utumwe kwenye simu ya mtunzaji mwenyewe, tarehe ile ile kila mwezi. Fedha ya chakula ipite kwa ndugu mwingine aliye karibu. Mkizichanganya, mwezi mgumu mtunzaji ndiye atakayekosa. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na nakala abaki nayo.

Tusisahau haki za mzee. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo ya matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwone mtendaji wa kijiji mzee wenu atambuliwe.

Mwisho, mama mwenyewe aulizwe. Yeye ndiye atakayeogeshwa, na ana haki ya kusema ni mikono ya nani.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukimkuta mama yako safi, ameshiba na anacheka, jua yupo aliyekesha. Mwezi huu umemlipa? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.