Mtoto Akirudi Likizo Amekonda

Ndugu mzazi, mwanao amepanga chumba karibu na sekondari. Kila mwezi unampa debe la unga. Je, unampa na maharage?

Ugali humpa nguvu. Lakini misuli hujengwa na maharage, dagaa na karanga. Mfungie vyote. Chagua karanga zisizo na ukungu, uzisage, naye atie katika uji kila asubuhi. Ale mara tatu kwa siku. Pia alime au afanye mazoezi, kwani msuli usiotumika haukui.

Asinunue vidonge vya kunenepesha. Vingine huvimbisha mwili kwa maji, wala havijengi misuli.

Akikonda huku anakohoa kwa wiki mbili, usingoje. Mpeleke zahanati akapimwe kifua kikuu. Ugonjwa huu unatibika.