Kulala, Kulaliwa na Kudanganywa

Jioni moja, ndani ya matatu iliyokuwa ikitoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kangemi, tulinasa kwenye foleni ya Waiyaki Way. Mama mmoja aligeukia jaketi ya mtumba aliyovaa kijana wa kando yake. Akaupapasa ukosi, akachungulia mshono wa kwapani uliokwisha kuachia, akavuta zipu mara mbili ikakwama mara mbili.

"Hii umenunua pesa ngapi?"

"Mia nane, mama."

"Umelaliwa, kijana wangu."

"Lakini hakunidanganya. Alisema mia nane, nikampa mia nane."

"Sijasema umedanganywa. Nimesema umelaliwa."

Kazi yangu ni maneno, na ninakiri kwamba mama yule alifafanua jambo hilo vizuri kuliko ninavyoweza darasani. Ili tuone alichofanya, tuanze na neno la Kiingereza ambalo huwasumbua wanafunzi wetu wengi: lie. Leo mwalimu anawaambia ni kulala au kujinyoosha, kesho anawaambia ni kusema uongo. Mwanafunzi anabaki akijiuliza uongo na kitanda vina uhusiano gani.

Havina uhusiano wowote. Katika Kiingereza cha kale hivyo vilikuwa vitenzi viwili: licgan kwa kulala na leogan kwa kusema uongo. Karne zilivyosonga, matamshi yake yalisogeleana hadi yakawa sauti moja. Kijerumani, ambacho ni cha ukoo mmoja na Kiingereza, bado kinavitenga: liegen ni kulala, lügen ni kudanganya. Hata katika Kiingereza cha leo asili hizo mbili hujitokeza ukirudi wakati uliopita: aliyelala ni lay, aliyedanganya ni lied. Shakespeare aliichezea sauti hiyo moja katika soneti yake ya 138, iliyomo kwenye mkusanyiko uliochapishwa mwaka 1609, akizipitisha maana zote mbili kwenye neno lilelile.

Maneno ya namna hiyo, yanayofanana sura bila undugu, huitwa homonimu. Sisi pia tunayo. Kaa la moto lililo kwenye jiko, kaa wa baharini na kitenzi kaa hayakuzaliwa pamoja. Hata mwongo ni wawili: yupo asemaye uongo, na upo wa miaka kumi. Kiingereza huwatenga pacha wake kwa wakati uliopita. Kiswahili huwatenga hawa kwa ngeli. Wa kwanza wakiwa wengi ni waongo, wa pili ikiwa mingi ni miongo.

Lakini kuna neno la namna nyingine: lenye maana nyingi zilizochipuka kwenye shina moja. Hiyo huitwa polisemia, na lala ni mfano mzuri. Mtoto amelala usingizi. Mgonjwa amelazwa hospitalini. Bidhaa zimelala stoo miezi mitatu bila mnunuzi. Kuku analalia mayai. Mwanafunzi wa hesabu anachora mstari wa mlalo. Shina hilo ni la kale na limesambaa katika lugha za Kibantu. Kikuyu kinalo katika kũrara, yaani kulala mahali usiku kucha. Ukizifuata maana hizi moja moja, unaiona njia iliyozileta.

Kulaliwa kwa sokoni, yaani kutozwa bei inayozidi thamani, kumepita njia hiyohiyo. Livunje neno: lal-, kisha -i- ya kutendea, kisha -w- ya kutendwa. Huo ni mjengo wa Kiswahili kisicho na doa. Ndio uliotupa kufiwa: anayekufa ni mwingine, lakini sentensi inamweka mbele aliyebaki na msiba. Ndio uliotupa kunyeshewa, neno ambalo kila mkazi wa Nairobi hulitamka masika. Mvua ndiyo inayonyesha, ila habari ni ya aliyelowa. Na aliyelaliwa vilevile ndiye mwenye habari, kwa sababu uzito wa mwenzake umemwangukia yeye. Nionavyo mimi, picha iliyo ndani ya neno ni hiyo ya uzito: mwenye nguvu kwenye biashara ameegemea asiyejua bei.

Hapo ndipo tofauti aliyoichora yule mama inapoonekana. Kudanganya kunahitaji kauli isiyo ya kweli. Kulalia hakuhitaji uongo hata mmoja. Muuzaji alitaja bei, mnunuzi akakubali, pesa zikabadilisha mikono, na dhuluma ikatendeka bila neno la uongo kusemwa. Jirani wa karibu wa neno hili katika Kiswahili sanifu ni kupunjwa, yaani kupewa pungufu ya haki yako. Dar es Salaam kijana yule angeambiwa amepigwa. Kila jiji limetafuta jina la kidonda kilekile.

Ninalisema hili kwa sababu najua kinachofanyika kwenye madaftari. Mwanafunzi wa Kawangware anaandika katika insha kwamba mjomba wake alilaliwa na dalali wa nyumba. Kalamu nyekundu inalikata neno na kuandika juu yake: alidanganywa. Walimu wenzangu, tusifanye hivyo kabla ya kuuliza. Mfundisheni kwamba kulaliwa kwa maana hiyo ni neno la mtaani, na kwamba kwenye mtihani kupunjwa kutamfaa zaidi. Lakini msimpe alidanganywa. Dalali alitaja kodi waziwazi na mjomba akalipa. Mtoto alikuwa ameandika kilichotokea, na kalamu yetu ndiyo iliyotia uongo ndani ya insha yake.