Kusoma Kiitaliano iniversite: mtu wa Goma anapata nini?

"Kiitaliano? Utakula nayo?" Ndilo swali ambalo mwanafunzi wa Goma anaweza kusikia nyumbani siku anaposema kwamba, kisha diploma ya taifa, anataka kusoma lugha, utamaduni na historia ya Italia. Wazazi wengi wanafikiria udaktari, sheria ao informatika. Swali lao si baya, maana minervali ni pesa ya jasho. Lakini jibu liko karibu kuliko watu wanavyozania: linaanzia barabara ya Rutshuru.

Tarehe 22 Februari 2021, upande wa Kibumba, waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Kesi moja ilisikilizwa Kinshasa. Uchunguzi mwingine ulifanyika Rome, na mengi yaliyoandikwa juu yake yako kwa Kiitaliano. Mkaaji wa Kibumba anayetaka kujua nini kilisemwa juu ya kijiji chake anangojea mtu amtafsirie.

Historia ya mashariki katika lugha ya wengine

Si mara ya kwanza. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa jeshi la anga la Italia, waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu. Tarehe 28 Novemba 1964, wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Xaveri, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, waliuawa Baraka na Fizi, pamoja na padiri Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Goma yenyewe ina Floribert Bwana Chui, aliyekataa kupitisha vyakula vilivyooza akauawa mwaka 2007. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, iliyozaliwa Rome mwaka 1968, na ni Rome alikotangazwa mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025.

Barua, ripoti na magazeti ya mambo hayo yamelala Pisa, Parma na Rome. Asiyesoma Kiitaliano anapata tu kile ambacho wengine wamechagua kutafsiri.

Nini inafundishwa?

Digrii ya kwanza, inayoitwa "laurea", ni miaka 3 na kredi 180. Inayofuata, "laurea magistrale", ni miaka 2 na kredi 120. Anayejua mfumo wa LMD hatapotea. Ndani yake kuna sarufi, fasihi, historia, sanaa na isimu.

Mwanafunzi atakutana na Dante, aliyezaliwa Florence mwaka 1265, na ambaye aliandika shairi lake kubwa kwa lugha ya watu wakati wasomi waliheshimu Kilatini. Atajifunza pia kwamba Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861 tu, na wakati huo watu wengi walikuwa wakisema lugha za kwao, si Kiitaliano cha vitabu. Mtoto anayesema Kiswahili ya Birere, halafu mwalimu anamuomba kuandika Kiswahili sanifu, anaelewa jambo hilo bila maelezo marefu. Na kuna upande mchungu: ukoloni wa Italia katika Eritrea, Somalia na Libya, na vita juu ya Ethiopia vilivyoanza mwaka 1935.

Njia ni gani?

Kwa masomo yanayotolewa kwa Kiitaliano, vyuo vinaomba kwa kawaida kiwango B2, maana yake kufuata masomo na kuandika bila kushikwa mkono. Kuna vyuo vikuu viwili vya serikali vinavyojulikana kwa kufundisha wageni: Perugia, chenye mtihani wa CELI, na Siena, chenye mtihani wa CILS. Maombi ya awali ya mgeni yanapitia mtandao wa Universitaly. Italia inaomba miaka 12 ya shule, na mwenye diploma ya taifa anayo: 6 ya msingi na 6 ya sekondari.

Viza inatolewa na ubalozi ulioko Kinshasa, na hapo ndipo shida ya Goma. Kisha uwanja wa ndege kufungwa mwisho wa Januari 2025, safari hiyo ilikuwa ya kuzungukia inchi jirani. Kwa hiyo karatasi zianze kutafutwa mapema.

Juu ya pesa: majimbo ya Italia yanatoa bursa kufuatana na mapato ya familia, hata kwa wageni. Lakini ombi lake ni tofauti na la kuingia chuo, na lina tarehe zake. Wengi wanakosa hapo. Na mtu anayesema anauza nafasi ao viza, huyo anauza hasara.

Na kazi je?

Kiitaliano peke yake hakiahidi mshahara. Kikishikana na tafsiri, uandishi wa habari, historia ao utalii, kinakuwa chombo. Chuo cha L'Orientale, Naples, kinafundisha Kiswahili kwa vijana wa Italia. Kule wanajifunza kusoma mambo ya huku. Inabaki mtu wa huku asome ya kule, ili siku nyumbani wakiuliza kilichoandikwa juu ya Kibumba, Kindu ao Baraka, jibu litoke kwa mtoto wao.