Simulizi za wazee zaweza kuokoa historia ya Chuo cha Nyegezi

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KIJANA aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1960, wakati kituo cha mafunzo ya jamii kilipoanzishwa Nyegezi, kusini mwa mji wa Mwanza, sasa amevuka umri wa miaka 80. Kila mmoja wa rika hilo anapofariki dunia, huondoka na sehemu ya historia ambayo huenda haikuandikwa mahali popote.

Kituo hicho ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania (SAUT), chenye makao yake Malimbe, kando ya Ziwa Victoria. Kiliasisiwa na Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye wakati huo aliongoza Jimbo la Mwanza la Kanisa Katoliki.

Baadaye kituo kilikua na kuwa taasisi iliyojulikana nchini kwa kufundisha uandishi wa habari na uhasibu, kabla ya kupandishwa hadhi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998 chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Hayo ndiyo yanayofahamika kwa urahisi: jina la mwasisi, miaka na mabadiliko ya majina. Yasiyofahamika kwa urahisi ni mengi zaidi. Ardhi ilipatikanaje, na familia zilizokuwa zikilima hapo zilikwenda wapi? Nani walipasua mawe na kuchanganya saruji? Maji yaliletwaje kabla ya mabomba? Wanafunzi wa kwanza walifikaje, kwa treni au kwa meli, na walilipiwa ada na nani?

Yapo pia maswali makubwa zaidi. Mwaka 1960 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria. Kanda ya Ziwa nayo ilikuwa na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Je, mahitaji ya vyama hivyo yalichangia kiasi gani katika kuamua nini kifundishwe Nyegezi? Walioshuhudia ndio wenye uwezo wa kujibu.

Nyaraka hazitoshi kwa kazi hiyo. Wamisionari wa Afrika walikuwa na desturi ya kuandika shajara katika kila kituo chao, na shirika lina hifadhi kuu ya nyaraka mjini Roma. Hata hivyo, shajara huonyesha mambo kwa jicho la aliyeiandika. Mpishi, fundi mwashi, mke wa mlinzi na mkulima wa jirani hawakupewa kalamu.

Nchini Tanzania, njia ya kuziba pengo hilo si ngeni. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Profesa Isaria Kimambo naye alitumia masimulizi ya wazee kuandika historia ya Wapare, iliyochapishwa mwaka 1969.

Mahojiano ya aina hiyo yana taratibu zake. Kwanza huandaliwa orodha ya mashahidi, wakianza wenye umri mkubwa na afya dhaifu. Mhojaji husoma nyaraka zilizopo, kisha huuliza maswali yanayomwacha mzee asimulie badala ya kujibu ndiyo au hapana. Lugha ni ile anayoimudu msimulizi. Kwa wengi wa maeneo ya Nyegezi ni Kisukuma, na tafsiri hufuata baadaye.

Ridhaa ni jambo la lazima. Msimulizi anapaswa kuelezwa sauti yake itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza, na kwamba anaweza kuomba sehemu fulani ifungwe kwa muda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa wajibu huo.

Ugumu mwingine ni tarehe. Wazee wengi hawakumbuki mwaka, lakini hukumbuka tukio. Mhojaji makini huuliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967 au Vita vya Kagera. Kwa wakazi wa ufukweni ipo alama nyingine: kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa takriban mita mbili na kufunika mashamba. Anayesema jengo fulani lilijengwa kabla ya maji kupanda, ametaja tarehe.

Kumbukumbu hukosea, na wakati mwingine hupamba. Ndiyo maana simulizi moja hulinganishwa na nyingine, kisha na nyaraka na picha. Zinapopingana, zote huhifadhiwa, kwa kuwa tofauti hiyo nayo hueleza jinsi watu walivyolipokea tukio.

Kurekodi pekee hakutoshi. Saa moja ya mazungumzo huhitaji saa kadhaa za kuandikwa neno kwa neno. Kanda za kaseti huharibika kwa unyevu, na simu huibiwa au kufa na vilivyomo. Nakala zinapaswa kuwekwa sehemu zaidi ya moja, zikiwa na jina, tarehe na mahali pa mahojiano.

Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na ujenzi wa jengo jipya, na chuo kilichofundisha waandishi wa habari kwa miongo mingi hakikosi watu wanaojua kuuliza maswali. Kinachopungua kila mwaka ni idadi ya wanaoweza kuyajibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Nyegezi, daftari hilo bado liko vichwani mwa wazee wachache.