Shule ya Sekondari ya Serikali katika Mji Mdogo: Kasongo na Kabambare

Msomaji aliyezoea hali ya Tanzania au Kenya akiuliza katika mji wa Kasongo ni ipi shule ya serikali na ipi ni ya dini, atapewa jibu litakalomshangaza kidogo. Ataonyeshwa shule ambayo walimu wake wanahesabiwa kuwa watumishi wa serikali, mtaala wake umetoka Kinshasa na mtihani wake wa mwisho ni wa taifa zima, lakini msimamizi wake ni Kanisa Katoliki, au Kanisa la Kiprotestanti, au la Kimbangu, au Jumuiya ya Kiislamu. Zote hizo ni shule za umma. Ile isiyo na dini yoyote juu yake huitwa rasmi kwa kukanusha: shule isiyo ya mapatano. Makala hii inakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea katika Maniema ya kusini, na imeipa shule ya sekondari ya huko sura gani.

Yafaa kuanza kabla ya shule yenyewe. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Nyangwe. Biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watu, na uharibifu wake haupunguzwi na lolote litakalosemwa hapa. Hata hivyo, pamoja nayo ziliingia lugha ya Kiswahili, dini ya Kiislamu na chuo cha Kurani, ambamo mtoto alijifunza herufi za Kiarabu. Majeshi ya Dhanis yalipouteka mji wa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, hayakuingia katika nchi isiyojua kalamu. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wanaoanza historia ya elimu ya Kongo kwa kuja kwa wamisionari.

Utawala wa Kibelgiji haukuihesabu elimu hiyo. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilifanya mapatano na Vatikani: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifundishe. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya koloni ikawa inatoa ruzuku kwa shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani, kwa vitendo, za Wakatoliki wa Kibelgiji. Waprotestanti walingoja ruzuku hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kasongo ilikuwa chini ya Mapadri Weupe, ikafanywa makao ya vikarieti mwaka 1952 na jimbo kamili mwaka 1959. Waislamu hawakuwa na ruzuku yoyote. Serikali iliwatazama kwa wasiwasi, hasa tarika ya Kadiria ilipoenea, na walimu wa vyuo walichunguzwa kama watu wa siasa.

Hapo ndipo mzazi Mwislamu wa Kasongo au Kabambare alipokabiliwa na uamuzi mgumu. Akimpeleka mwanawe misheni, mtoto angepata Kifaransa, hesabu na labda kazi ya ukarani, lakini angefundishwa katekisimu na huenda angerudi na jina jingine. Akimzuia, mtoto angebaki na dini yake na kukosa cheti. Wengi walimzuia. Matokeo yake yalionekana mwaka 1960, uhuru ulipokuja: katika sehemu iliyokuwa na Waislamu wengi kuliko karibu sehemu yoyote ya Kongo, waliokuwa na elimu ya kushika madaraka hawakutoka kwao ila kwa uchache sana. Wapo waliosema kwamba Waislamu waliikataa elimu. Kwa maoni yetu maneno hayo yanageuza mambo juu chini, kwa kuwa elimu iliuzwa kwa bei ambayo jirani yao Mkristo hakutakiwa kulipa.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Auguste Buisseret, waziri wa makoloni kuanzia mwaka 1954, aliyeanzisha shule za serikali zisizo na dini kwa Waafrika na hivyo kuzua ugomvi mkubwa na Kanisa. Muda ulikuwa mfupi mno. Baada ya uhuru yakaja maasi ya 1964, yaliyoipitia Maniema kwa ukali na kuvuruga masomo.

Badiliko kubwa lilikuja katika enzi ya Mobutu. Mwishoni mwa mwaka 1974 dola ilitangaza kuzichukua shule zote, na somo la dini likaondolewa ili siasa ya chama ikae mahali pake. Haikuchukua muda kabla ya serikali kuona kwamba haiwezi kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa: shule zibaki mali ya umma, serikali iweke mtaala na kulipa mishahara, kanisa lisimamie kazi ya kila siku. Jumuiya ya Kiislamu, iliyokuwa imetambuliwa na dola katika miaka hiyo ya 1970, nayo ikaingia katika utaratibu huo. Kwa mara ya kwanza kukawa na shule ya umma ambayo mtoto wa Kasongo angeweza kufikia cheti cha taifa bila ya kuiacha dini ya babake. Shule hizo huwapokea Wakristo pia, na walimu wake si Waislamu pekee.

Tuitazame sasa shule yenyewe. Mkuu wake ni perefe, na hilo ni neno la kila siku kwa wazazi. Baada ya miaka sita ya msingi huja miaka miwili ya jumla, ambayo sheria ya 2014 imeiunganisha na elimu ya msingi, kisha miaka minne ya kuchagua fani. Mchepuo wa ualimu una umuhimu wa pekee katika miji midogo, kwa sababu anayeumaliza anaweza kufundisha shule ya msingi bila ya kwenda chuo kikuu. Hivyo shule ya sekondari ya wilayani hujizalia walimu wa vijiji vinavyoizunguka. Wote humaliza kwa Mtihani wa Dola, ambao maswali yake ni mamoja kwa Kinshasa na kwa Kabambare, ingawa vitabu na barabara si vimoja.

Mshahara ndio udhaifu mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazina ya serikali ilipoporomoka, wazazi walianza kuwalipa walimu nyongeza, na jambo lililokusudiwa kuwa la dharura likawa desturi. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipoikata Kasongo na miji mingine, malipo hayo yakawa ndiyo yanayoifungua shule asubuhi. Mwezi wa Septemba 2019 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure, lakini sekondari haikuingizwa. Kwa hiyo mtoto wa mkulima aliyefika darasa la sita bila malipo hukutana na ada pale pale masomo yanapokuwa marefu, na katika nyumba yenye watoto wengi binti ndiye huachishwa kwanza.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa kurasa hizi si dogo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, kwa mujibu wa Katiba ya 2006, na hutumika katika madarasa ya chini. Katika sekondari lugha ya kufundishia ni Kifaransa, kama vile Kiingereza kilivyo katika sekondari za Tanzania. Lakini mwalimu akiona hajaeleweka hurudi kwenye Kiswahili, na uwanjani Mbangubangu, Mzimba na Mkusu hawana lugha nyingine ya kuwakutanisha. Ni Kiswahili kinachosema “mutoto iko ku masomo”, ambamo neno masomo lina maana ya shule yenyewe. Wakoloni walikiita Kingwana, na baadhi ya wataalamu walikidharau kwa kukilinganisha na cha Unguja. Wanafunzi wa Kasongo hukitumia kujadili fizikia, huku ripoti zao zikiandikwa kwa Kifaransa. Wazazi wengi hupelekewa ripoti hizo na watoto wenyewe, ambao ndio pia wanaowatafsiria.