Kipupwe cha Ikombe si kipupwe cha Kitulo

Asubuhi ya Julai pale Ikombe, mama mfinyanzi wa Kikisi hutoka na kanga begani, akaanika vyungu vibichi karibu na ufuko wa Ziwa Nyasa. Saa hiyohiyo, jirani na uwanda wa Kitulo, mkulima wa viazi hukuta shamba limekuwa jeupe kwa sakitu. Jua likichomoza, majani hunyauka na kuwa meusi. Umbali kati yao haufiki kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Kinachowatenganisha ni mwinuko.

Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, Kitulo mita 2,600 hivi. Hewa ikipanda hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na kule kutanuka huipoza. Kwa wastani, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzijoto 6.5. Piga hesabu: kutoka Ikombe hadi Kitulo unapoteza takribani nyuzi 14.

Ikombe ina kinga ya pili, nayo ni ziwa lenyewe. Maji hupata joto polepole na kulitoa polepole. Usiku, maji ya juu yakipoa huwa mazito, huzama, na yaliyo vuguvugu zaidi hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana ufuko haupoi upesi.

Kitulo haina blanketi hilo. Usiku mkavu usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake angani. Hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka na kutuama mabondeni kama maji. Kwa hiyo shamba la bondeni huweza kuungua kwa sakitu huku la mteremkoni likinusurika.

Mbona hewa hiyo ikiteremka Milima ya Livingstone, kati ya Kitulo na ziwa, haiigandishi Ikombe? Kwa sababu inaposhuka hubanwa, na kubanwa huipasha joto, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 kama ni kavu. Inayofika ziwani ni upepo wa ubaridi tu.

Mchana pepo za kusi huvuka ziwa zikibeba unyevu, kisha hupandishwa na miteremko. Hapo mvuke hugeuka mawingu, na mji wa Tukuyu, ulio kwenye mita 1,500 na ushei, hupata manyunyu wakati sehemu kubwa ya nchi ni kavu.

Basi ukisikia utabiri wa Mbeya, kumbuka kwamba jiji hilo liko kwenye mita 1,700 hivi, na mkoa huohuo unashuka hadi Kyela, iliko Ikombe. Kabla ya kuuamini kwa shamba au safari yako, uliza kwanza: nipo mita ngapi, na usiku huu kuna mawingu? Anayepandisha vyungu kwenda kuuza Makete, upande wa Kitulo, na afunge sweta kwenye mzigo, hata kama asubuhi hiyo ufukoni kanga ilimtosha.